Kompyuta ya Mifumo Miwili Inapokataa Kuanza Kazi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi vya msingi limo ndani ya kompyuta, pamoja na hesabu za mazao yaliyopokewa, pembejeo zilizokopeshwa na malipo yanayodaiwa. Kwa hiyo, mashine ikikataa kuanza kazi katika wiki ya malipo, apataye taabu si karani peke yake. Mkulima aliyekwisha kukabidhi mazao yake ndiye asubiriye.

Baadhi ya mashine hizo zimewekewa mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux, katika diski moja. Sababu yake inaeleweka. Programu ya hesabu iliyozoeleka huenda ikahitaji Windows, ilhali Linux hupatikana bila ada ya leseni na huweza kufanya kazi katika mashine kuukuu. Aidha, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025, na wenye mashine zisizoweza kupokea Windows 11 wamelazimika kutafuta njia nyingine.

Kabla ya kutengeneza, yafaa kufahamu jinsi mashine inavyoamka. Umeme ukishawashwa, programu ya awali iliyomo katika ubao mkuu huanza kazi. Katika mashine za kisasa huitwa UEFI. Programu hiyo husoma sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kuanzia, ambamo hukuta programu nyingine iitwayo GRUB. Hiyo GRUB ndiyo ionyeshayo orodha ya mifumo ili mtumiaji achague. Ni kama ghala lenye vyumba viwili na bawabu mmoja. Bawabu akipoteza funguo, hakuna aingiaye. Lakini magunia yangali palepale.

Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi hitilafu ya kuanza iko mlangoni wala si ghalani, na hata hivyo wapo mafundi ambao shauri lao la kwanza ni kufuta diski yote na kuanza upya. Afanyaye hivyo huiponya mashine na kuliua daftari. Karani asikubali diski ifutwe kabla hesabu hazijanakiliwa na nakala yenyewe kufunguliwa na kusomwa.

Utaratibu ulio salama ni huu:

1. Yaandikwe, au yapigwe picha, maneno yote yaonekanayo kwenye kioo cha mashine.

2. Mashine ianzishwe kwa flashi iliyoandaliwa kwa Linux, na ichaguliwe njia ya kujaribu, si ya kusakinisha. Mafaili ya hesabu yanakiliwe katika diski ya nje. Ikiwa Windows haikuzimwa kabisa, sehemu yake huenda ikafunguka kwa kusomwa tu. Hiyo yatosha kunakili, na isilazimishwe zaidi. Sehemu iliyofungwa kwa BitLocker haifunguki bila ufunguo wake wa tarakimu 48. Diski ikitoa sauti ya kugonga, au isipoonekana kabisa, kazi isimamishwe na mashine izimwe, kwani hapo ubovu umo katika diski yenyewe.

3. Baada ya hayo ndipo dalili zichunguzwe.

Windows ikianza moja kwa moja bila orodha kuonekana, huenda mpangilio wa kuanza umebadilika, jambo ambalo huweza kutokea baada ya Windows kupokea masahihisho. Aingiaye katika UEFI huona majina ya mifumo na huweza kurudisha Linux katika nafasi ya kwanza. Hakuna cha kusakinisha.

Ikiwa orodha ipo lakini Windows haimo, ijulikane kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe. Katika Ubuntu na jamaa zake, faili la /etc/default/grub huongezewa mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha hutolewa amri sudo update-grub.

Yakionekana maneno "grub rescue", maana yake GRUB imeanza lakini haikuona sehemu yenye mafaili yake. Aghalabu kuna mtu aliyefuta sehemu ya diski au kubadili ukubwa wake. Ikiwa sehemu ya Linux ingalipo, GRUB husakinishwa upya kwa kutumia flashi ileile.

Yakionekana maneno yenye herufi SBAT, chanzo ni ulinzi uitwao Secure Boot. Masahihisho ya Windows ya tarehe 13 Agosti, 2024 yalizuia Linux kuanza katika mashine nyingi za mifumo miwili, na Microsoft ilitangaza suluhisho mwezi Mei, 2025. Ulinzi huo huweza kuzimwa kwa muda, Linux ikaanzishwa na kupewa masahihisho mapya, kisha ulinzi ukarudishwa. Lakini ufunguo wa BitLocker upatikane kwanza, kwa maana kubadili ulinzi huo huweza kuifanya Windows iudai.

Yafaa pia kuangalia saa. Kwa kawaida Linux huihesabu saa ya ubao mkuu kwa majira ya dunia, na Windows huihesabu kwa majira ya mahali. Katika Afrika Mashariki tofauti hiyo ni saa 3, nayo huweza kuharibu muda uandikwao katika stakabadhi. Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukatikapo, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Mpangilio wa kuanza nao huweza kupotea pamoja nayo. Betri hiyo, ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032, hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Bodi za vyama nazo zina wajibu wao. Nakala ya hesabu itolewe kila wiki na kuwekwa nje ya ofisi. Ufunguo wa BitLocker uandikwe na kufungiwa katika kasha la fedha. Flashi ya kuanzishia iwepo tayari. Kila fundi agusaye mashine aandike katika kitabu tarehe, jina lake na alichokifanya, na mtunza hesabu atie sahihi. Chama kilichojiandaa hivyo kitaweza kuwalipa wanachama wake siku iliyotangazwa, hata kama mashine yenyewe ingali kwa fundi.