Maji moto ya jua nyumbani: Joto tunalo, adui wetu ni chumvi

Ukimwambia mtu wa bara kwamba umefunga mtambo wa kupasha maji moto nyumbani kwako Mombasa, atacheka. Atakuuliza, "Na joto lote hilo, maji moto ya nini?" Mimi nami nilikuwa nikicheka hivyo hivyo. Niliacha siku niliyomkuta mama yangu saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, Kusi inavuma, akitoka jikoni na ndoo ndogo ya maji yanayofuka moshi. Mkono mmoja umebeba ndoo, mkono wa pili umeshika ukuta kwa sababu ya magoti. Alikuwa akienda kuoga kabla ya sala. Nilimpokea ile ndoo, lakini usingizi wangu uliishia hapo.

Maji moto Pwani yana kazi zake. Kuna mzee mwenye baridi yabisi, kuna mzazi aliye ndani ya arobaini anayekandwa kila siku, kuna mtoto mchanga, na kuna masufuria ya biriani ambayo maji baridi hayaondoi mafuta yake. Kazi hiyo tumezoea kuifanya kwa makaa, kwa gesi au kwa shawa ya umeme. Shawa hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Nyumba zetu nyingi za zamani hazina waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu. Mtu aliyelowa, amesimama pekupeku juu ya sakafu ya maji, hana pa kukimbilia.

Jua basi ni jibu zuri. Lakini leo nataka tuelezane vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nililifunga jua mara mbili, na mara ya kwanza nililia na fedha yangu.

Unanunua nini hasa?

Fungua mfereji saa nane mchana mwezi wa Februari. Maji yanayotoka ni moto, pengine hata hayashikiki, na hukununua chochote. Tangi jeusi juu ya paa na mpira uliolala juani vimefanya kazi yote. Fungua mfereji huo huo alfajiri, maji yamepoa. Kwa hivyo kupasha maji si tatizo kubwa kwetu. Tatizo ni kuyaweka yakae na joto mpaka saa unayoyahitaji.

Mtambo wa maji ya jua una sehemu mbili. Ya kwanza ni kipokea joto, yaani lile bamba au ile mirija ya kioo inayotazama jua. Ya pili ni tangi lililovikwa nguo nene ya povu ndani ya ganda la bati. Tangi hilo ni chupa ya chai iliyowekwa juu ya paa. Maji yakipata joto kwenye bamba huwa mepesi, hupanda yenyewe kuingia tangini, na maji baridi mazito hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea mchana kutwa bila pampu wala umeme, mradi tangi liwe juu ya bamba.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme unataka lita 150 zitoke nyuzi 27, ambazo ndizo maji yetu ya kawaida, zifike nyuzi 55. Kazi hiyo ingekula karibu uniti tano za umeme. Mita moja ya mraba ya paa Pwani hupokea takriban uniti tano za nguvu ya jua kwa siku iliyo safi, na bamba zuri hushika kama nusu yake. Kwa hivyo mita mbili za mraba zinatosha. Ukizitumia lita zote hizo kila siku, umeokoa karibu uniti 150 za tokeni kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa, utajua mtambo utajilipa baada ya muda gani.

Na hapa niseme ukweli ambao muuzaji hatakwambia. Ikiwa nyumbani kwenu mnahitaji ndoo moja tu ya lita 20 kwa siku, kuifikisha nyuzi 45 hakufiki hata nusu uniti. Usinunue mtambo. Teka maji ya tangi saa tisa mchana, yatie kwenye chombo kikubwa kinachohifadhi joto kama kile cha chai ya harusi, na mpaka alfajiri utayakuta bado yana uvuguvugu. Mtambo unafaa nyumba yenye watu wengi, mgonjwa, au vyumba vya kukodisha wageni.

Yaliyonipata

Kwangu tuko wengi, na mama yuko nasi. Niliweka akiba kutoka Ramadhani moja hadi nyingine, nikanunua mtambo wa lita 150 wenye tangi la stenlesi. Fundi alikuja asubuhi, akaunganisha na tangi letu la juu, adhuhuri akaondoka. Wiki ile mama aliniombea dua mpaka nikaona haya.

Tangi letu la juu hujazwa na kisima. Majirani wengi wa Kisiwani, Kisauni na Likoni mnajua hali ilivyo: maji ya bomba huja kwa zamu, na siku yasipokuja tunavuta kisima au tunanunua kwa mkokoteni. Visima vyetu vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Maji yake hubeba chokaa ya mwamba huo, na karibu na bahari hubeba chumvi pia.

Baada ya mwaka na miezi michache mama aliniita. "Mwanangu, lile birika lako la juu limekufa." Maji moto yalikuwa yakidondoka kama machozi. Nikapanda. Chini ya tangi kulikuwa na mstari wa kutu, na maji yalikuwa yakivuja kwenye uchomeleaji. Tulipokata paipu ndogo za bamba, tulikuta zimejaa ukoko mweupe mgumu kama chaki, tundu limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti.

Maji ya chokaa yakipashwa moto huitema chokaa yake, na kadiri joto linavyozidi ndivyo ukoko unavyoshika. Chumvi nayo hula stenlesi, hasa palipochomelewa, na hula haraka zaidi maji yakiwa moto. Mtambo wangu haukuwa mbovu. Ulikuwa umelishwa maji yasiyokuwa yake. Fundi hakuuliza, nami sikujua kwamba kuna la kuulizwa. Kwa miezi kadhaa mama alirudi kwenye ndoo yake na ukuta wake, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Pima maji kabla ya kupima paa

Anza na birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa. Oga kwa sabuni. Ikikataa kutoa povu, ni dalili ile ile. Yaonje, ukihisi chumvi ulimini, tangi la mtambo litaihisi zaidi. Kisha, kwa kuwa unakaribia kutoa fedha nyingi, peleka chupa ya maji maabara wakupimie ugumu wa maji na kiasi cha kloridi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tangi jipya.

Maji yakiwa mabaya, usikate tamaa. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni mtambo wa mizunguko miwili. Maji machache safi huzunguka peke yake kati ya bamba na tangi, yakipeleka joto bila kuchanganyika na maji ya kuogea. Bamba halizibi tena. Lakini tangi bado linagusa maji yako, kwa hivyo njia hii inafaa zaidi maji ya chokaa kuliko maji ya chumvi kali.

Ya pili ni tangi la chuma lililopakwa ndani kioo cha enameli na kuwekwa fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, zamu ya tangi inaanza. Kwetu Pwani ikague kila mwaka, na umuulize muuzaji kabla ya kulipa kama anazo fimbo za kubadilisha.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua mara ya pili, pamoja na tangi la enameli. Niliweka tangi dogo la lita 500 linalopokea maji ya bomba na ya mvua peke yake, na ndilo linalolisha mtambo. Mvua ya masika haina chokaa wala chumvi, ila maji ya kwanza yanayoosha mabati uyaache yaende. Kisima kinabaki kwa choo, kufua na mfereji wa baridi. Kwetu maji moto yanayotumika ni kama lita 60 kwa siku, kwa hivyo tangi hilo hutuvusha wiki nzima hata bomba likinyamaza.

Angalizo moja kwa atakayefuata njia hii. Mfereji wa kuchanganyia unaunganisha moto na baridi, na maji ya kisima yanaweza kupenya humo yakarudi mpaka kwenye mtambo. Weka matangi mawili ya maji baridi usawa mmoja, na funga valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye laini ya maji moto. Ukiisahau valvu hiyo, umerudi ulikotoka.

Siku ya fundi

Simama naye, hata kama hujui kushika spana. Yako mambo ambayo jicho la mwenye nyumba linatosha.

Uzito. Lita 150 ni kilo 150, na ukiongeza tangi na bamba unapita kilo 200. Paa la makuti halibebi. Paa la mabati linahitaji stendi iliyokaa juu ya ukuta au boriti imara. Penye slebu ndipo pazuri. Ukiwa Mji wa Kale, Mombasa au Lamu, uliza kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho, maana sura ya paa lako huko si yako peke yako.

Mwelekeo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua hupita karibu utosini. Elekeza bamba kaskazini ukiweza, lakini usigombane na paa kwa ajili hiyo. Muhimu zaidi ni kivuli cha mnazi, mwembe au ghorofa la jirani. Na usililaze bamba kabisa. Liinue nyuzi 10 hadi 15, maji yapate kupanda na vumbi lisombwe na mvua.

Paipu. Maji moto yapitie paipu za PPR. PVC ya kawaida hulegea. Zivike povu, kisha zikinge povu hilo na jua. Fupisha safari: paipu nyembamba ya mita 10 hushika kama lita moja na nusu ya maji yaliyopoa, na kila ukifungua mfereji yanamwagika. Kwa sisi tunaohesabu mitungi, hiyo ni israfu.

Upepo wa bahari. Nati na bolti ziwe stenlesi, stendi iwe alumini au chuma kilichopakwa rangi vizuri. Chuma kitupu hakina maisha marefu karibu na maji.

Usalama. Pawe na paipu ya kupumulia au valvu ya kupunguza presha, na asiizibe mtu. Juani maji yanaweza kupita nyuzi 70 na kumbabua mtoto au mzee, kwa hivyo funga valvu ya kuchanganya kabla ya shawa. Mirija ya kioo ikiwa mikavu isijazwe maji mchana, hupasuka. Ijazwe alfajiri au baada ya magharibi. Na ikiwa tangi lina elementi ya umeme kwa siku za mawingu, kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, si yule yule wa mabomba.

Bamba au mirija? Mirija hushika joto kali na ina faida kubwa nchi za baridi. Kwetu bamba linatosha, lina vioo vichache vya kuvunjika, na fundi wa mtaani anaweza kulitengeneza.

Mtambo wa pili sasa umepita misimu miwili ya Kusi. Mwezi uliopita nilitoa fimbo ya magnesiamu kuikagua. Imeliwa karibu nusu, nikairudisha, na ya akiba iko kabatini. Mama hajui lolote kuhusu fimbo. Anajua tu kwamba akifungua mfereji alfajiri maji yanakuja na uvuguvugu, mikono yake yote miwili iko huru, na ule wa ukutani una chuma cha kushikia nilichomfungia siku ile ile.