Ayari wa Simu na Mwenye Mali

Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipofunguliwa Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, fedha za watu wetu zimekuwa zikisafiri kwa simu kutoka mjini hadi shamba bila ya kungoja basi wala bahasha, na mkulima ambaye hajapata kukanyaga mlango wa benki leo ana hazina yake mfukoni. Ni neema kubwa. Lakini penye amana hapakosi mwenye kuitamani, na ayari wa zama hizi ametambua kwamba hana haja ya kuvunja mitambo ya kampuni ya simu, madhali mwenye mali anaweza kuhadaiwa akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Tuutazame ule ujumbe mashuhuri kupita wote: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Hautaji jina, wala kiasi, wala sababu, na nguvu yake imo katika ufupi huo, kwani hutawanywa kwa watu wengi, na miongoni mwao hakosi mmoja ambaye saa ile ile anadaiwa kodi ya nyumba au ada ya mtoto, naye, kwa kuwa ahadi ya kulipa imemshughulisha moyo, hudhani aliyeandika ni mdai wake. Hapo hapana ufundi wa kompyuta. Pana maarifa ya tabia za wanadamu. Ndugu wa hila hiyo ni ujumbe ujifanyao risiti ya fedha zilizopokewa, ukifuatwa na sauti ya mtu anayelalama kwamba amekosea namba, na mwenye huruma asiyetazama salio lake kwanza hurudisha kitu ambacho hakukipokea kamwe.

Ya kuogofya zaidi ni laini kubadilishwa. Laghai hukusanya jina kamili la mtu, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kisha hudai kwamba yeye ndiye mwenye namba na kwamba simu yake imepotea. Akipewa laini mpya, ile ya mwenyewe huzimika, na namba za uthibitisho zitumwazo na benki humfikia mwizi. Basi simu yako ikikosa mtandao ghafula ilhali za wenzio zinao, usingoje asubuhi: azima simu, uiarifu kampuni na benki.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, kisha ikaamuru laini zisajiliwe kwa alama za vidole. Hata hivyo laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari humsitiri mwovu, na ndiyo maana kila mmoja hana budi kupiga *106# ajue ni namba zipi zimeandikwa kwa jina lake. Wengi waliolaghaiwa hunyamaza kwa aibu, nasi huwacheka, na hiyo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Ewe msomaji, usimtajie yeyote namba yako ya siri, hata ajiitaye mtumishi wa kampuni, na kama uko Tanzania ipeleke namba ya tapeli kwa ujumbe kwenye 15040, ili ifungwe kabla haijamfikia jirani yako.