Utafiti Juu ya Vijana: Nani Anauliza Swali?

Katika mijadala yetu kuhusu vijana neno linalotangulia mara nyingi ni "tatizo". Tunasema tatizo la vijana kama tunavyosema tatizo la maji. Mtafiti anayetumwa kwa msingi huo huenda kutafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Suala hili ni la nadharia, lakini matokeo yake huonekana katika vitendo.

Tuchukue Sheria ya Nguvukazi ya 1983. Shabaha yake ilikuwa kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi halali. Dar es Salaam, watu wasioweza kuthibitisha kuwa wana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi. Ni rahisi kusema walirudi kwa uvivu, na waliosema hivyo hawakuwa wachache. Lakini kijana aliyelima shamba la baba yake hakuwa na sauti juu ya fedha ya mazao, na thamani ya fedha hiyo kwa mkulima ilikuwa imeshuka kwa miaka kadhaa. Karanga alizouza mjini zilimpa shilingi iliyo yake. Huo ni uhusiano wa uzalishaji ndani ya kaya, na haujulikani kwa kuhesabu watu kwenye vituo vya mabasi.

Njia ya kuujua ilikwisha kuonyeshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekuwa BRALUP, ofisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyochunguza rasilimali na matumizi ya ardhi, alifanya utafiti pamoja na wanafunzi waliokwenda kuishi vijijini. Mwaka 1975 ulianza mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ukiihusisha wizara iliyoshughulikia utamaduni na vijana. Humo wanakijiji walishiriki kuchunguza hali yao wenyewe badala ya kuchunguzwa tu. Hata hivyo hapana budi tuseme wazi: mfuko wa Jipemoyo ulitegemea Finland. Wafadhili wale walikuwa rafiki, lakini rafiki naye huondoka.

Wapo wenye hofu kwamba kumgharimia msomi ni kulea tabaka la mabwanyenye. Hofu hiyo ina historia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa masomoni. Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Lakini kumnyima mtafiti nauli hakumfanyi awe mtu wa umma. Asipoweza kurudi kijijini mara ya pili, ataandika yale aliyoambiwa na mwenyekiti siku ya kwanza. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, imewafikisha chuoni watoto wengi wa wakulima. Kazi ya uwandani inayodumu msimu mzima wa kilimo inadai zaidi ya mkopo wa masomo.

Kwa hiyo tunapendekeza fedha za umma zitengwe kwa wanafunzi wa shahada za juu wanaochunguza maisha ya vijana, na vijana wenyewe washiriki kuamua la kuchunguzwa. Kwa kuwa tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa chuoni, na nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji.