Je, Wajua? Kauli ya Mwananchi, Kutoka Mau hadi Bogoria

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1997 wakazi wa Nakuru waliotaka kuitisha mkutano wa hadhara walilazimika kuomba leseni ya serikali? Mageuzi ya mwaka huo yaliondoa leseni. Siku hizi sheria inataka polisi waarifiwe tu, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Anayearifu haombi ruhusa, na kila chifu na kila mkuu wa kituo cha polisi (OCS) anapaswa kulikumbuka hilo.

Je, wajua kuhusu kokwet? Ndilo baraza la ujirani la Wakipsigis, Wanandi, Watugen na jamaa zao wa Bonde la Ufa. Watu huketi kivulini, mwenye neno hulitoa, na shauri halifungwi haraka kwa kuhesabu mikono. Huzungumzwa mpaka pande zielewane. Lilikuwa na pengo kubwa: kwa desturi wanawake hawakuwa na kauli humo. Subira yake ya kusikilizana, hata hivyo, ingefaa sana kwenye mikutano yetu ya saa mbili, ambayo saa moja na nusu humezwa na hotuba za waheshimiwa.

Je, wajua kwamba tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alikutana mjini Nakuru na mamia ya walowezi Wazungu, akazungumza nao juu ya hofu zao na kuwaomba wabaki walime? Kilikuwa kikao kizito kuhusu nani ataishi na nani katika nchi mpya. Lakini kiliitishwa kwa ajili ya wenye mashamba, si vibarua na maskwota waliokuwa wakiyalima.

Je, wajua kwamba katika kura ya maamuzi kuhusu Katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, Bonde la Ufa ndio mkoa pekee ambako wengi walipiga kura ya La? Katiba ilipita na sasa inawalinda hao hao walioikataa. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Hakiulizi ulipiga kura gani.

Je, wajua kwamba sheria ya ushuru inaweza kufutwa kwa sababu wananchi hawakushauriwa? Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013. Jaji George Odunga alisisitiza kwamba ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli. Uamuzi huo unazihusu kaunti zote 47, Nakuru ikiwemo.

Je, wajua kwamba mojawapo ya hukumu kubwa zaidi barani Afrika kuhusu haki ya kushauriwa ilitokana na msitu uliomo kwa sehemu ndani ya Kaunti ya Nakuru? Mwezi Oktoba 2009 Waogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 wahame. Kesi yao ikafika Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakaamua kwamba Kenya imekiuka haki zao. Serikali ilikuwa imejitetea kwa hoja ya kuhifadhi mazingira. Majaji hawakuona kwamba uharibifu wa Mau ulitokana na Waogiek, na wakasema jamii hiyo ilikuwa ikifukuzwa bila kushauriwa ipasavyo. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000. Tena iliagiza jamii hiyo ishauriwe kwa kufuata mila zake kuhusu miradi ya maendeleo, uhifadhi au uwekezaji katika ardhi yake. Kwa maneno mengine, njia ya Waogiek ya kushauriana imepata uzito wa kisheria. Lakini hukumu isiyotekelezwa haimrudishi mtu kwake, na hilo ni deni la serikali.

Kule Bogoria, Waendorois waliwatangulia. Walianza kuondolewa kandokando ya ziwa miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama. Mwezi Februari 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki. Tume ilisema kwamba kwa mradi mkubwa namna hiyo kuijulisha jamii hakutoshi; ridhaa yake lazima itafutwe, nayo itolewe kwa hiari, mapema, na ikiwa na habari kamili.

Je, wajua kwamba bajeti ya kaunti ina kalenda, na anayeijua hashtukizwi? Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Wengi wetu hujitokeza mwishoni, tukidai barabara au zahanati wakati fedha zimeshagawanywa. Mwezi Agosti ndio wa kuanza kumsumbua mwakilishi wadi wako. Nakuru ina wadi 55, kwa hiyo hakuna mkazi asiye na wake.

Je, wajua kwamba una haki ya kuupata waraka kabla ya kuujadili? Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 unaweza kuandika ombi kwa Kiswahili. Afisa anatakiwa kulishughulikia ndani ya siku 21, na kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, saa 48. Asiyejua kuandika huomba kwa mdomo, naye afisa akamwandikia. Mwitishaji wa mkutano anayegawa kurasa 200 za Kiingereza asubuhi ile ile ya kikao hajamshirikisha mtu.

Je, wajua kwamba vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake huwa wazi kwa umma? Spika hawezi kukuzuia kuingia isipokuwa kwa hali ya kipekee na kwa sababu za haki.

Na je, wajua kwamba tangu Nakuru ipate hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wakazi wake wana haki chini ya Sheria ya Miji na Majiji kujadili huduma, bajeti na mipango ya jiji lao na kupeleka mapendekezo? Basi andikeni maoni yenu kwa majina, muombe mhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Hata mahakamani, karatasi hiyo ni ushahidi kwamba mlisema.