Alihama nchi ili ashinde mbio moja

KIUNGO akikimbia kilomita 11 ndani ya dakika 90, jukwaa zima linasimama kumpigia makofi. Jamaa ana mapafu ya mbwa, watasema.

Sasa chukua mechi 15 za namna hiyo, zipange mfululizo bila mapumziko, zipandishe milimani na nyingine zichezwe usiku wa manane kwenye baridi. Hapo ndipo unaipata UTMB, mbio za kuuzunguka Mlima Mont Blanc. Ni kilomita 171 hivi, zinaanzia Chamonix nchini Ufaransa, zinapita Italia na Uswisi, kisha zinarudi palepale Chamonix.

Lakini kinachowaua watu si umbali, ni kupanda. Ukijumlisha miinuko yote unapata mita 10,000 hivi. Kutoka Lango la Marangu hadi Kilele cha Uhuru ni kama mita 4,000. Yaani upande Kilimanjaro mara mbili, na bado unadaiwa. Mbio hizi zilipoanza mwaka 2003, walijitokeza watu 700 hivi. Waliomaliza? 67 tu.

Hizi ndizo zilizomtesa Jim Walmsley.

KASI ANAYO, TATIZO NINI?

Mmarekani huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 2020 alikimbia mchujo wa marathoni wa Olimpiki nchini kwao, akamaliza wa 22 kwa saa 2:15:05. Jimboni California kuna Western States, mbio za kilomita 161, na huko alikuwa mfalme.

Ufalme wenyewe haukuja kirahisi. Mwaka 2016 alikuwa anaelekea kuvunja rekodi ya Western States, akakosea njia zikiwa zimebaki kilomita kama 10. Akamaliza wa 20. Mwaka uliofuata tumbo likagoma, akajitoa. Alirudi mwaka 2018 akashinda kwa rekodi, na mwaka 2019 akaivunja mwenyewe kwa saa 14:09:28.

Ila kila akienda Mont Blanc, mambo yanakwama. Mwaka 2017 alimaliza wa tano. Mwaka 2018 akajitoa. Mwaka 2021 akajitoa tena.

Hapo angeweza kusema basi, nyumbani ananitosha. Badala yake, mwaka 2022 yeye na mkewe walifungasha mizigo wakahamia Arêches, kijiji cha milimani Ufaransa. Ndiko anakoishi François D'Haene, Mfaransa aliyeshinda UTMB mara nne. Ni sawa na straika anayehama nyumba akakae mtaa mmoja na mfungaji bora, aone anavyofanya mazoezi.

MAANDALIZI YENYEWE

Mkimbiaji wa barabarani anahesabu kilomita. Wa milimani anahesabu saa alizokaa njiani na mita alizopanda. Mwinuko ukiwa mkali sana, hata mabingwa hutembea, kwa hiyo kutembea kwa kasi nako ni zoezi.

Kushuka ndiko kunakomaliza mapaja. Asiyezoea kuteremka kwa muda mrefu, miguu inakufa mapema, na pumzi ikibaki haimsaidii. Walmsley alipata milima hiyo mlangoni kwake, na majira ya theluji yalipofika alivaa ski akapanda nazo.

Tumbo nalo linafanyiwa mazoezi. Wakimbiaji wengi hulenga gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na mwili haulipokei hilo kwa siku moja. Jeli, ndizi, wali, supu, kila kitu hujaribiwa kabla. Siku ya mbio si siku ya kuonja chakula kipya.

Halafu kuna begi. Ukienda bila koti la mvua lenye kofia, taa za kichwani, filimbi, blanketi la dharura, maji na chakula cha akiba, unajitafutia adhabu. Hilo si urembo. Njia inapanda zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2010 hali ya hewa ilichafuka mpaka mbio zikasimamishwa.

Mwisho ni hesabu: utafika kituo gani saa ngapi, utakula nini, nani atakusubiri na soksi kavu. Wiki mbili tatu za mwisho mazoezi yanapunguzwa. Hapo wengi huharibu kwa kiherehere.

AKAANGUKA TENA, KISHA...

Usidhani alihamia leo, kesho akabeba ubingwa. Agosti 2022 aliongoza kwa muda mrefu, lakini baadaye gesi ikakata. Kilian Jornet wa Hispania akampita akaenda kushinda, na Walmsley akaambulia nafasi ya nne kwa saa 21 na dakika 12. Miezi ya kuishi ugenini, na mfuko mtupu.

Hakurudi Arizona. Alikaa mwaka mwingine milimani.

Septemba 2023 alirudi Chamonix na kumaliza kwa saa 19, dakika 37 na sekunde 43. Rekodi mpya. Mmarekani mwenzake, Zach Miller, alikuwa wa pili, dakika 21 nyuma. Walmsley akawa mwanamume wa kwanza wa Marekani kushinda UTMB.

Nyuma yake wengine walikuwa bado njiani, wengi wao wakielekea usiku wa pili. Hao hawakimbizani na rekodi bali na saa 46 na nusu, muda wa mwisho. Ila mtihani wao na wa bingwa ni mmoja: pale miguu inapogoma, hutoa majibu ya miezi yote iliyopita. Usichokifanya mazoezini, mlima hautakukopesha.