Miji ya Kale na Bibi Zetu Waliosahauliwa

Kila azuruye magofu ya pwani yetu huuliza: ni nani aliyeijenga miji hii? Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba ililetwa na wageni wa ng'ambo ikiwa imekamilika, nasi tukawa kama wapangaji katika nyumba ya wenyewe. Ardhi ilipochimbwa, ilitoa ushahidi mwingine.

Tuutazame mji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate. Miaka ya 1980, Mark Horton na wenzake walichimba chini ya msikiti wake wa Ijumaa, tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti mingine, hata wakafikia alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8, yaani karne ya 2 ya Hijria. Nyumba nazo zilianza kwa miti na udongo, zikaishia kwa matumbawe na chokaa. Mji haukushuka jahazini. Ulikua papo hapo, kama mtoto akuavyo.

Vyombo kutoka Uchina na Ghuba vilikuwako, ushahidi wa biashara. Lakini vigae vilivyo vingi, tangu tabaka la chini, ni vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku kwetu, kazi ambayo katika vijiji vyetu vingi ni ya wanawake.

Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi, asili ya upande wa mama ilikuwa Afrika, na ya upande wa baba mara nyingi Asia, hasa Uajemi. Basi masimulizi ya wazee wetu kuhusu Waajemi hayakuwa uongo; ila yalimtaja babu, yakamsahau bibi.

Enyi kina mama, likizo ijayo wapelekeni watoto Gede, mkawaeleze haya. Wafundisheni pia wasiokote kitu. Kigae husema kikiwa katika tabaka lake. Kikiondolewa, huwa bubu. Na jiwe ling'olewalo gofuni kujengea ukuta huondoka na habari za bibi zetu, wala hakuna wa kuturudishia.