Nakili Kwanza, Kagua, Ndipo Ufute

Dalili ya kwanza huonekana kwenye ule mstari ulio chini ya diski C. Nafasi iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 10, Windows huubadilisha mstari huo kutoka buluu kuwa mwekundu. Kuanzia hapo kompyuta husuasua: huchukua muda mrefu kuwaka, hugoma kupokea masasisho, na picha za kwenye simu hazipati tena pa kuingia. Mwenye kompyuta huenda kutafuta diski nyingine, siku hizi mara nyingi SSD, na fundi humwuliza swali moja: "Tuhamishe kila kitu, au nikupigie Windows upya?"

Swali hilo hujibiwa harakaharaka dukani, huku wateja wengine wakisubiri. Lingefaa kujibiwa nyumbani, kwa utulivu, siku moja kabla. Ndani ya diski hiyo mna picha za harusi na za mazishi, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za duka, barua za maombi ya kazi na tasnifu ya mtoto aliye chuoni. Kuvihamisha si kazi ya kutisha, ila inadai mpangilio, na mpangilio wenyewe ni mfupi: nakili kwanza, kagua, ndipo ufute. Anayeuvunja, hata mara moja, anaweza kupoteza kitu ambacho hakiuzwi duka lolote.

Anza na orodha

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kwenye kompyuta haina tofauti. Chukua karatasi, igawe pande mbili. Upande mmoja andika vitu mlivyovitengeneza wenyewe nyumbani: picha, video, sauti mlizorekodi, nyaraka, mafaili ya hesabu. Upande wa pili andika programu: Word, kivinjari, programu ya kuhariri picha, michezo, pamoja na namba za leseni na akaunti mlizozinunulia. Vya upande wa pili vinapatikana tena kwa kupakua au kununua. Vya upande wa kwanza vikipotea vimepotea. Kwa hiyo muda wako, subira yako na fedha zako zielekee huko.

Ugumu ni kwamba vitu vyako havikai mahali pamoja. Wengi hunakili Documents, Pictures na Desktop, wakaridhika. Downloads husahaulika, ingawa ndiko ziliko taarifa za benki na viambatisho vya barua pepe. Ndani ya folda ya mtumiaji kuna nyingine iitwayo AppData, ambayo Windows huificha. Humo ndimo Chrome na Firefox huweka alamisho zako, na ndimo Thunderbird huweka barua pepe ilizopakua. QuickBooks nayo, kwenye kompyuta ya mfanyabiashara, kwa kawaida huhifadhi faili la kampuni ndani ya folda ya Public, nje kabisa ya folda ya mtumiaji. Anayenakili folda yake pekee anaweza kufika mwisho wa mwezi akakuta hesabu zote zimebaki kwenye diski iliyokwisha kufutwa. Kwa programu za aina hii, tumia amri ya chelezo (backup) iliyomo ndani ya programu yenyewe, kisha nakala itakayotoka ihamishe kama faili jingine lolote.

Programu haibebwi kwa folda

Kosa linalorudiwa sana ni kuikamata folda ya programu iliyo ndani ya Program Files, kuibandika kwenye diski mpya, na kutarajia ifunguke. Programu iliyosakinishwa ni kama mwembe uliokwisha shika ardhi: ukiukata shina na kwenda kuusimamisha kwingine, mizizi imebaki ulikotoka. Wakati wa kusakinishwa, programu hugawa mafaili yake katika folda kadhaa, mengine Program Files, mengine ProgramData, mengine AppData, kisha huandika taarifa zake kwenye rejista ya Windows. Folda uliyoinakili haina hata nusu ya mambo hayo.

Zaidi ya hapo, taarifa hizo zimeandikwa kwa anwani kamili, na anwani huanza na herufi ya diski. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliuzwa ikitumia diski laini, na herufi A na B zilikuwa zake. IBM ilipotoa modeli ya XT mwaka 1983, yenye diski kuu ya megabaiti 10, herufi iliyofuata ilikuwa C, na hadi leo Windows hukaa hapo. Megabaiti 10 hizo leo zingejazwa na picha chache tu za simu, lakini utaratibu wa anwani umebaki uleule. Programu iliyoandikishwa kwamba inaishi C haijui chochote kuhusu nakala yake iliyo D au E.

Basi programu isakinishwe upya kwenye diski mpya, kisha ile ya zamani isaniduliwe kwa njia rasmi ya Windows. Ziko zinazoruhusu njia fupi. Baadhi ya programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft zina kitufe cha kuhamisha ndani ya Settings, na Steam ina sehemu yake ya kuhamisha mchezo kutoka diski moja kwenda nyingine bila kuupakua tena. Kwa mwenye kununua bando kwa gigabaiti, kitufe hicho kinaokoa fedha nyingi. Pia zipo programu zilizotengenezwa kufanya kazi bila kusakinishwa. Hizo hukubali kunakiliwa na folda zao zote. Zilizobaki, sakinisha.

Kama unabaki na diski ya zamani yenye Windows na unaongeza ya pili kwa ajili ya nafasi tu, kazi ni nyepesi zaidi. Bofya kulia kwenye folda ya Documents au Pictures, fungua Properties, kisha Location, na uielekeze kwenye folda utakayoifungua katika diski mpya. Windows itauliza kama ihamishe yaliyomo, na kuanzia hapo kila programu itahifadhi huko yenyewe.

Kukata si kunakili

Ukihamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, kazi huisha papo hapo hata kama ni filamu ya saa tatu. Mfumo haugusi yaliyomo. Hubadilisha tu maandishi yanayoeleza faili liko folda gani. Kati ya diski mbili mambo ni tofauti kabisa. Kila baiti husomwa upande huu na kuandikwa upande ule, na ukiwa umechagua kukata, faili la asili hufutwa baada ya hapo. Umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati, unaachwa na vitu vilivyogawanyika, vingine huku, vingine kule. Kwa sababu hiyo, kati ya diski mbili usitumie amri ya kukata. Nakili. Cha asili kibaki mahali pake mpaka utakapojiridhisha.

Jipange pia kwa muda. Diski ya kuzunguka (HDD) iliyo nzima husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 300 za video kubwa zinaweza kuhama kwa muda wa kama saa moja. Ukiipitisha kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa matumizi halisi hutoa megabaiti 35 hivi kwa sekunde, muda unapita saa mbili. Maelfu ya picha ndogondogo huchukua muda mrefu zaidi ya video moja yenye ukubwa uleule, kwa kuwa kila faili lina taratibu zake za kufunguliwa na kuandikishwa. Tafuta tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Zuia kompyuta isilale katikati ya kazi. Ya mezani iunganishe na UPS, na ya kupakata iwe na betri iliyojaa, maana mgao wa umeme hausubiri mtu amalize kunakili.

Kwa kazi kubwa, Windows ina amri ya robocopy, iliyomo tangu toleo la Vista. Ikikatishwa, irudie: itaviruka vilivyokwisha fika na kuendelea na vilivyosalia. Na kama video ya harusi inakataliwa na diski ya nje ingawa nafasi ipo tele, angalia mfumo wa mafaili. FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Diski hiyo ifomatiwe kwa exFAT au NTFS, ikiwa bado haina kitu ndani.

Kagua, maana diski hudanganya

Masoko yetu yana flashi na SSD za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na terabaiti mbili huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Zimepangwa kuidanganya kompyuta. Kunakili huenda vizuri hadi mwisho, majina ya mafaili yote huonekana, lakini yaliyozidi uwezo halisi hayapo, au yameandikwa juu ya yaliyotangulia. Ukiwa umekata badala ya kunakili, msiba umekamilika. Kabla ya kuiamini diski mpya, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huijaza yote kisha husoma tena ilichoandika na kulinganisha.

Baada ya kunakili, fungua Properties za folda mbili, ya zamani na mpya, ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa wake. Kisha fungua picha za miaka tofauti, cheza video hadi mwisho, fungua faili la hesabu ndani ya programu yake. TeraCopy inaweza kukufanyia ulinganisho wa kila faili wakati wa kunakili.

Kazi hii huwashinda hata wakubwa. Mwaka 1998, studio ya Pixar ikiwa katikati ya kutengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya mafaili ya filamu. Chelezo zilikuwepo, lakini zilipohitajika zilikutwa hazifanyi kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani ya Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi aliyekuwa akifanya kazi nyumbani baada ya kujifungua. Chelezo ambayo haijawahi kufunguliwa haina ushahidi wowote kwamba ipo.

Kunakili diski nzima

Jibu jingine kwa swali la fundi, lile la kuhamisha kila kitu, ni kuinakili diski yote kama ilivyo: Windows, programu, data na zile sehemu zilizofichwa zinazowasha kompyuta. Hapo programu hazihitaji kusakinishwa upya, kwani anwani zote zinabaki zilezile. Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan na inayotolewa bure, hufanya kazi hiyo, ila kwa kawaida hudai diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Anayetoka kwenye diski ya gigabaiti 500 kwenda SSD ya 240 atahitaji programu inayoweza kubana sehemu za diski, na vilivyomo viwe vinatosha nafasi mpya.

Kuna tahadhari tatu. Kwanza, data yako iwe imekwisha nakiliwa pembeni kabla ya kuanza, kwa sababu kukosea kuchagua diski ya kuandikwa ni kufuta kila kitu. Pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, jambo ambalo kwenye kompyuta nyingi za Windows 11 hutokea bila mwenyewe kujua. Uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48. Tatu, ukimaliza, chomoa diski ya zamani na uwashe kompyuta kwa mpya peke yake, ili mfumo usikute mapacha wawili wenye utambulisho mmoja.

Diski ikianza kugonga au kukwaruza, acha habari ya kunakili yote. Okoa kwanza vile vya upande wa kwanza wa karatasi yako, kuanzia kile ambacho ungelilia kukikosa.

Hatima ya diski ya zamani

Usiifute wiki ileile. Fanya kazi na diski mpya kwa mwezi mzima, mpaka kila programu uliyoizoea iwe imefunguliwa na kila faili uliloliwazia limepatikana. Kama diski ya zamani bado ni nzima, itie kwenye kasha la USB iwe chelezo ya nyumba. Diski ya kuzunguka inaifaa kazi hiyo kuliko SSD, ambayo ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi.

Ukiamua kuiuza au kumpa mtu, ifute kweli. Fomati ya haraka huondoa orodha tu na kuacha yaliyomo. Mwaka 2003, watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walichapisha matokeo ya diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizokuwa zikifanya kazi, 12 tu zilikuwa zimefutwa ipasavyo. Nyingine zilibeba maelfu ya namba za kadi za benki, na taarifa za hospitali pia. Kwa diski ya kuzunguka, fomati kamili ya Windows huandika sifuri kote. Kwa SSD, tumia programu ya mtengenezaji yenye amri ya kufuta kabisa.

Mwisho, andika juu ya diski ya chelezo tarehe na yaliyomo, na mwonyeshe mtu mwingine mmoja nyumbani inapokaa na namna ya kuifungua. Picha za familia ni za familia nzima, na usalama wake haufai kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.